Gari Lisiloendeshwa Mara kwa Mara: Namna ya Kuzuia Betri Isife

Katika Kaunti Ndogo ya Mvita, hasa Mji wa Kale, gari linaweza kukaa siku kumi bila kuguswa na mwenyewe asione ajabu. Sokoni Marikiti huendwa kwa miguu, msikitini kwa miguu, na safari ya Mwembe Tayari au ferini Likoni ni ya tuktuk. Vichochoro ni vyembamba, na aliyepata nafasi ya kuegesha upande wa Makadara hana haraka ya kuiachia. Mengine hungoja zaidi: mwenyewe yuko melini, au kazini Muscat au Dubai, na ufunguo umeachwa kwa shemeji.

Shida hujulikana siku gari linapotakiwa kwa dharura. Mjamzito ameshikwa na uchungu saa nane za usiku, ufunguo unazungushwa, na kinachosikika ni tak-tak-tak chini ya boneti. Hospitali ya rufaa ya Pwani iko kwenye kisiwa hikihiki, lakini muda unapotea kwa kugonga milango kutafuta gari jingine.

Gari likizimwa halilali kabisa. Alamu, saa, redio, kompyuta ya injini na traka huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Miliampea 50 huhesabiwa kuwa kiasi cha kawaida, na zinaonekana si kitu. Lakini kwa siku moja ni ampea-saa 1.2, na kwa wiki tatu ni takriban 25. Betri ya ukubwa wa NS60, iliyo katika magari mengi madogo ya Kijapani, ina ampea-saa kama 45 tu inapokuwa mpya. Kwa hiyo zaidi ya nusu imekwenda bila gari kusogea hatua moja, na traka iliyofungwa vibaya inaweza kuharakisha mambo zaidi.

Joto nalo lina sehemu yake. Betri ya asidi hupoteza chaji ndani kwa ndani hata ikiwa haijafungwa popote, na kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka kasi hiyo hukaribia kuwa maradufu. Ndiyo maana msimu wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa na betri nyingi zilizokufa. Na betri inayoachwa tupu haibaki vilevile ikingoja kujazwa. Chembe za chumvi ya risasi huganda kwenye bamba zake, na zikishakuwa ngumu chaji hairudi yote tena. Betri ikifa mara mbili tatu namna hii, mwenye gari ajiandae kununua nyingine.

Dawa ya kwanza ni kuliendesha gari, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Kuwasha injini dakika tano kila asubuhi na kuizima hakusaidii, kwa kuwa stata hula umeme mwingi kwa mkupuo na alteneta haipati muda wa kuurudisha. Kutoka Ndia Kuu hadi Marikiti na kurudi ni yaleyale. Kinachofaa ni angalau nusu saa ya mwendo usiokatika, mara moja kwa wiki: kuvuka daraja la Nyali hadi Bamburi, au kupitia Makupa hadi Miritini na kurudi, asubuhi ya Jumapili kabla ya msongamano. Foleni yenye kiyoyozi na taa haijazi betri sana. Injini isiachwe ikinguruma ndani ya ua au gereji iliyofungwa, kwani moshi wake una gesi inayoua bila kutoa harufu.

Ikiwa gari litakaa zaidi ya wiki mbili, ni afadhali waya wa hasi, ulio na alama ya kutoa, ufunguliwe kwa spana namba 10. Ni kazi ya dakika mbili. Kabla ya hapo fundi wa waya aulizwe kama redio ya gari hilo itadai namba ya siri umeme ukikatwa. Ikumbukwe pia kwamba alamu na traka hazitalilinda gari ipasavyo waya ukiwa umefunguliwa. Mwenye umeme karibu na gari anaweza kutumia chaja ndogo inayojizima yenyewe.

Mita ya volti ni kifaa rahisi kisichodanganya. Gari likishalala usiku mzima, volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.4 inaanza kuteremka, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni hatari. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi, ikiwa chini, huenda alteneta ndiyo mgonjwa wala si betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, ambao hewa ya chumvi ya pwani huuzidisha, huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, kisha vichwa vikapakwa mafuta ya mgando.

Ikishakufa, gari la gia za mkono husukumwa na vijana wa mtaa likawaka. La otomatiki halikubali. Nyaya za kuazima umeme hufungwa kwa utaratibu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Cheche karibu na betri inaweza kuwasha gesi inayotoka ndani yake. Kwa magari ya haibridi, nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe kabisa.

Betri iliyokwisha nayo ina hatari yake, na Mombasa inaijua kuliko miji mingi. Owino Uhuru, Mikindani, wakazi walipata madhara ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu tangu 2007 hadi kilipofungwa 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua Julai 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024. Kwa hiyo betri haivunjwi nyumbani, asidi haimwagwi mtaroni, na watoto hawaachiwi waichezee. Maduka mengi ya betri hupokea ile ya zamani na kupunguza bei ya mpya. Ibebwe ikiwa wima ndani ya beseni la plastiki, na asidi ikimgusa mtu, aoshe kwa maji mengi kwa dakika zisizopungua 20. Ikiingia machoni aendelee kuosha na apelekwe hospitali.