Mbwa sita wa Butembo na pesa isiyorudi sokoni

Mwekundu ni namba moja, wa buluu mbili, mweupe tatu, mweusi nne, wa rangi ya machungwa tano, na mwenye mistari myeupe na myeusi ni sita. Kijana anayecheza pari, yaani kamari ya kubashiri, Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, anazijua rangi hizi kama mnunuzi wa kakao anavyoujua mzani wake. Mbwa wenyewe hajawahi kuwaona. Uwanja wa mbio za mbwa haupo Lubero, haupo Kasindi, wala mahali popote katikati. Anachotazama ni wanyama waliochorwa na kompyuta, kwenye skrini iliyotundikwa ukutani, mbio mpya kila baada ya dakika chache tangu kibanda cha pari kinapofunguliwa hadi kinapofungwa.

Rangi hizo ni za viwanja vya Uingereza. Mchezo wenyewe ulizaliwa Marekani, Emeryville huko California, mwaka 1919, ulipofunguliwa uwanja ambamo mbwa walimkimbiza sungura wa mashine. Tarehe 24 Julai 1926 ukafika Manchester, katika uwanja wa Belle Vue, mbele ya watu wapatao 1,700. Miaka iliyofuata viwanja viliota katika miji mingi ya viwanda, kwa kuwa mbio zilifanyika jioni baada ya kazi, karibu na nyumba za wafanyakazi, na kiingilio hakikuwa kikubwa. Waliopoteza walikuwa wengi kuliko walioshinda, kama ilivyo leo. Lakini uwanja ulihitaji mfugaji, mkufunzi, daktari wa wanyama, mkata nyasi na muuza chakula. Sehemu ya pesa ya tiketi ililala mjini hapo hapo.

Mbwa wa kweli sasa wanaondoka. Uwanja wa Macau ulifungwa 2018, Belle Vue 2020, na wapiga kura wa Florida waliamua 2018 kwamba mbio hizo zikome kabla ya 2021. Mbwa wa skrini hali, haugui, havunjiki. Machi 2020, korona iliposimamisha ligi za mpira karibu dunia nzima, kampuni za pari zilibaki na mbwa hao, farasi wa kompyuta na mpira wa kompyuta. Ligi zilirudi miezi michache baadaye. Mbwa hawakuondolewa.

Hapa kwetu biashara hii imeota katika udongo wa aina yake. Beni imezoea mauaji na uhamaji tangu Oktoba 2014. Ebola ilitangazwa Mangina Agosti 2018, na ilipotangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Utawala wa kijeshi ulianza Mei 2021. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zake zikafungwa, serikali ya jimbo ikahamia Beni, na familia zilizokimbia vita vya Lubero zikajaa Butembo. Kijana ambaye shamba lake liko upande usiofikika, na ambaye mtaji wake hautoshi hata baiskeli ya ndizi, anapata mlango mmoja usiomwuliza diploma wala mdhamini. Anaingia na noti ya franka 500.

Wasomaji wa ukurasa huu wanajua hesabu, basi tuifanye. Chukua mfano rahisi: mbwa sita wenye nafasi sawa, na kila mmoja analipa mara tano. Watu sita wakiweka franka 1,000 kila mmoja juu ya mbwa tofauti, kapuni zinaingia 6,000 na zinatoka 5,000. Franka 1,000 inabaki kwa mwenye mchezo, mbwa yeyote ashinde. Hiyo ni sehemu ya sita ya kila mzunguko, na wengi wanaisikia wakaona ni ndogo. Lakini mchezaji haondoki baada ya mbio moja. Anarudisha alichoshinda. Aliyeanza na 10,000 na kuzungusha zote mara kumi, kwa wastani anabaki na 1,600 hivi. Mbio zikija kila dakika tano, mara kumi ni chini ya saa moja. Mpira wa Jumamosi unamngojesha hadi jioni, mbwa hawamngojeshi.

Mwenye kibanda mmoja wa Butembo, katika komini ya Kimemi, alikubali kueleza biashara yake kwa sharti jina lake lisiandikwe. Alianza, asema, akiamini anakuwa patroni. Alilipa garanti ya nyumba kwa dola, miezi kadhaa mbele kama desturi ya mji, akanunua skrini, betri na jenereta ndogo. Kampuni ilimpa mashine ya tiketi na jina la kuandika ukutani. Malipo yake ni asilimia ya mauzo, na humo ndimo anamotoa esansi, intaneti, mlinzi na dada anayekaa dirishani.

“Papa, watu wananiona mimi ndiye ninayekula pesa zao,” alisema. “Mtu akipoteza ananitazama mimi. Akishinda, ananitazama mimi pia, kwa sababu lazima nimlipe papo hapo. Kampuni itanirudishia kesho au keshokutwa. Siku tatu zilizopita niliazima kwa dada wa mafuta ya mawese hapo mlangoni ili nimlipe motari aliyeshinda. Nikimwambia angoje, ataleta wenzake wote.”

Kisha takse. Huja wa mji, huja wa jimbo, huja wa komini, huja mwenye karatasi ya bango la ukutani, huja mwenye karatasi ya kelele. Alinionyesha bahasha ya risiti, nyingine zikiwa na mihuri inayofanana na majina yanayotofautiana. Baadhi ya malipo, asema, hayana risiti kabisa, na ndiyo yanayolipwa haraka zaidi. Hakuomba asamehewe takse. Alichotaka ni mlango mmoja wa kulipia, na bei iliyobandikwa ambapo kila mtu anaweza kuisoma.

Lakini kilichomkaa rohoni zaidi hakikuwa takse. Yeye ni mweka hazina wa likelemba ya wapangaji wa barabara yao: kila mwanachama huchanga kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba kapu lote. Ndivyo yeye mwenyewe alivyopata mtaji wa kwanza, na ndivyo wengi wa mji huu walivyoanza kabla ya kufikiria kontena kutoka Dubai au Guangzhou. Mwaka huu, asema, vijana wawili walibeba kapu wakaacha kuchanga. Anajua pesa ilikokwenda, maana aliiona ikipita dirishani kwake. “Nilipata asilimia yangu juu ya pesa ya likelemba yangu mwenyewe,” alisema, akanyamaza.

Nimempa mtu huyu nafasi kubwa, na najua yeye ni mmoja tu. Lakini ndiye niliyemkuta akiwa na daftari.

Afisa mmoja anayehusika na mapato, Beni, anaona mambo kwa jicho lingine. Kwake pari ni ajira kwa vijana na mapato kwa jimbo lililopoteza vyanzo vyake vya Goma. Watoto, asema, hawaingii vibandani, na kila kibanda kimesajiliwa. Nilipomwuliza sekta hii inaingiza kiasi gani, alinionyesha mstari mmoja ambamo pari imechanganywa na kumbi za dansi, video na mabango ya biashara. Hakukuwa na njia ya kuitenga. Kuhusu watoto, nilipita saa kumi alasiri mbele ya vibanda vitatu kabla ya kufika ofisini kwake, na sare za shule zilikuwa humo. Labda walikuja kutazama tu. Hata hivyo ajira inayosifiwa bila kuhesabiwa, na mapato yasiyo na mstari wake mwenyewe, ni maneno ambayo mfanyabiashara wa kawaida asingeyakubali kutoka kwa karani wake.

Majirani wamejaribu njia kali zaidi. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza kumchezesha mtu aliye chini ya miaka 25, na Januari 2019 Kampala iliagiza leseni mpya za pari zisitolewe. Kenya mwaka huo huo ilikataa kuhuisha leseni kadhaa, na kampuni kubwa zikafunga shughuli. Katika nchi zote mbili watu bado wanacheza. Kasindi ni hatua chache tu kutoka Mpondwe, na simu haisimami forodhani.

Simu ndiyo inayobadilisha biashara sasa. Mchezaji anaweka pesa yake ya simu moja kwa moja kwenye programu, anachagua mbwa akiwa kitandani, na kibanda hakimhusu tena. Mwenye kibanda anakosa asilimia, komini inakosa takse ya bango, dada wa dirishani anakosa kazi. Asilimia iliyokuwa ikilipa mlinzi na esansi ya Butembo inaondoka na pesa nyingine zote. Sokoni wapo wanaosema kwamba vibanda vikifa vijana watapona. Natamani iwe hivyo. Lakini kibandani mama alikuwa akipita akamwona mwanawe, akamwita kwa jina, akamtoa kwa aibu mbele ya watu. Kwenye simu hamwoni.

Itategemea mengi. Barabara ya kwenda Goma kupitia Kanyabayonga ikifunguliwa, bei ya kakao ikishuka tena au ikipanda, vijana wakirudi mashambani Oicha na Mangina bila hofu ya panga, huenda noti ya 500 ikapata kazi nyingine. Huenda pia mamlaka ikatenganisha mstari wa pari katika vitabu vyake, jambo lisilohitaji amani wala mkopo. Dalili ya hilo la pili ni ndogo kwa sasa. La kwanza haliko mikononi mwa mji.

Mwenye kibanda wa Kimemi garanti yake inamfikisha mwisho wa mwaka. Anafikiria kuuza skrini na kurudia biashara ya chumvi na sabuni. Likelemba yao inakutana Jumapili baada ya misa. Nafasi za wale vijana wawili bado ziko wazi.