Mashine Huifuata Shabaha

Mfanyakazi wa Bukene aletewapo mashine mpya na kampuni au ushirika wake, ni haki yake kuuliza: itatufikisha wapi baada ya miaka kumi?

Funzo liko mkoani mwetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo. Shabaha ilikuwa kulima ekari milioni tatu na zaidi. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha, wala ujuzi wa mkulima mwenyeji haukupewa uzito. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, kwa hasara ya pauni zaidi ya milioni 36.

Hatusemi kila jipya ni baya. Reli iliyopita Bukene na kufika Mwanza mwaka 1928 ilikuwa mpya pia. Lakini ilichukua mizigo ambayo wapagazi walikuwa wakiibeba mabegani.

Basi, ndugu, hapana budi viongozi na wafanyakazi wakae pamoja, wakate shauri juu ya shabaha yao, ndipo wachague mashine. Trekta halimwongozi dereva.