Dresden: Nakala ya kinanda cha kale, au kinanda kipya?

Kanisa la Frauenkirche, yaani Kanisa la Bibi Yetu, la Kilutheri mjini Dresden, mashariki mwa Ujerumani, liliporomoka tarehe 15 Februari 1945, siku mbili baada ya ndege za Uingereza na Marekani kuanza kuushambulia mji huo kwa mabomu. Pamoja nalo kiliangamia kinanda cha mabomba cha fundi mashuhuri Gottfried Silbermann, kilichozinduliwa Novemba 1736. Siku chache baada ya uzinduzi huo, tarehe mosi Desemba, Johann Sebastian Bach mwenyewe alikipiga.

Ujenzi mpya wa kanisa ulipoanza katika miaka ya 1990, azma ilikuwa kulirejesha kama lilivyokuwa, hata kwa kutumia mawe ya zamani yaliyookolewa kifusini. Hapo ndipo ulipozuka mvutano mkali: je, na kinanda nacho?

Watetezi wa Silbermann walihoji: ikiwa mawe yanarudishwa, sauti iachwe kwa nini? Upande wa pili ulisema kinanda hicho, chenye safu 43 za sauti, kilikwishabadilishwa mara kadhaa kabla ya vita, na hakiwezi kubeba muziki wote uliotungwa baadaye. Isitoshe, kinanda halisi cha Silbermann kingalipo hatua chache kutoka hapo, katika kanisa kuu la Kikatoliki. Mabomba yake yalihamishwa mapema na yakanusurika.

Kazi alipewa fundi Daniel Kern wa Strasbourg, Ufaransa. Kwa mbele, kinanda chake kinafanana na kile cha kale. Ndani zimo safu za sauti za Silbermann, lakini ikaongezwa ngazi ya nne ya vibonye kwa ajili ya muziki wa karne ya 19. Jumla yake ni mabomba 4,873, na kilikamilika Aprili 2005, miezi sita kabla ya kanisa kuwekwa wakfu tena tarehe 30 Oktoba.

Kufunga kinanda cha aina hii si sawa na kuleta kinanda cha umeme na kukichomeka ukutani. Kila bomba, liwe la mbao au la mchanganyiko wa bati na risasi, hurekebishwa sauti humo humo kanisani, kwa sababu kuta na kuba ndizo zinazoamua sauti itasikikaje.

Jina la Dresden si geni kwa historia ya Walutheri wa Kilimanjaro. Shirika la wamisionari wa Leipzig, lililoanza kazi huko mwaka 1893, liliundwa Dresden mwaka 1836.

Kwa maoni yetu, Dresden ilichagua vyema. Jengo linaweza kuwa kumbukumbu, lakini kinanda ni cha waumini wanaoimba leo. Na kwamba kilitengenezwa na fundi kutoka Ufaransa, nchi iliyokuwa adui wa jana, ni jambo lenye uzito wake pia.