Tangi la konyeza Bariadi: mteja yupo, maji ndiyo hayapo

Ukimuuliza fundi vioo wa Bariadi msimu wake unaanza lini, atakutajia pamba. Mizani ikifunguliwa Mei na fedha zikaanza kuzunguka, ndipo saluni, nyumba za wageni na shule binafsi zinapokumbuka tangi la kioo lenye samaki wa rangi. Samaki wa dhahabu wanaletwa kutoka Mwanza ndani ya mifuko ya oksijeni, kioo cha milimita sita kinakatwa hapo hapo kibandani, silikoni inaachwa ikauke, mteja anabeba. Hiyo ni biashara ya siku zote. Kinachowaumiza mafundi kichwa ni oda ya namna nyingine: walimu na wazazi waliowaona konyeza kwenye simu, wakielea kama miavuli inayopumua, sasa wanawataka darasani.

Fundi mmoja anayeuza matangi jirani na stendi anasema alikubali oda ya shule bila kujua anakubali nini. Akatengeneza tangi la pembe nne kama kawaida yake. Alipoanza kuulizia ndipo akaelezwa kuwa konyeza haogelei kama sato. Anakwenda na mkondo, na mkondo ukimpeleka pembeni anakwama, anachanika. Kiputo cha hewa kikimwingia chini ya mwavuli kinaweza kumtoboa. Kwa hiyo anahitaji tangi lisilo na pembe, maji yazunguke taratibu mchana na usiku, na pampu iwekewe kizuizi asifyonzwe.

Kioo hakikunjiki kibandani. Fundi akanunua bamba la plastiki angavu, akalipitisha juu ya jiko la mkaa kidogo kidogo hadi likalegea, akalizungushia pipa ili lishike umbo. La kwanza liliungua likaota malengelenge. La pili lipo mpaka leo. Nimelishika mwenyewe, na maungio yake hayavuji tone. Kazi ya mikono ya namna hii ilistahili malipo.

Haikulipwa, kwa sababu ya maji. Konyeza wa baharini wanataka chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita, maana yake tangi la lita 100 linameza kilo tatu na nusu, na sehemu ya maji hayo hubadilishwa mara kwa mara. Chumvi ya jikoni haifai peke yake, kwa kuwa maji ya bahari yana pia magnesi, kalsi na madini mengine. Maji ya bomba yana klorini. Ya visima, hasa ukielekea Maswa na Meatu, yana floraidi nyingi na ni magumu. Chakula chao ni vijidudu vinavyoanguliwa kwenye maji ya chumvi kwa saa 24 hivi, nao wanapaswa kulishwa kila siku, Jumapili na likizo zikiwamo. Umeme ukikatika, mkondo unasimama.

Konyeza wake walisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Anasema alipofungua mfuko alikuta ute. Hata hivyo, linalomkera zaidi ya kifo hicho ni makaratasi. Kila akileta viumbe hai wa majini anaulizwa kibali, na huyu anayemuuliza leo hataki karatasi ile ile aliyoitaka wa jana. "Mimi si mvuvi, ndugu mwandishi. Mimi ni fundi vioo," alirudia mara tatu. Samaki waliomo kwenye mfuko hawasubiri mjadala uishe. Oksijeni ina muda wake.

Ofisa mmoja anayefuatilia sekta ya viumbe wa matangini ana picha tofauti kabisa. Kwake soko lipo, utaratibu uko wazi chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake, na Simiyu ina watu 2,140,497 kwa sensa ya 2022. Kisha akaongeza hoja anayoiona nzito kuliko zote: asilimia 51 ya Ziwa Victoria iko Tanzania, na mkoa una pwani yake Busega.

Takwimu hizo ni za kweli. Lakini asilimia 51 ya ziwa haiongezi hata lita moja ya maji salama kwenye tangi la Bariadi, na hao watu milioni mbili wengi wao ni wakulima wanaohesabu kwanza mbegu na dawa ya pamba. Nilipomuuliza ni matangi mangapi yameuzwa mkoani, au viumbe wangapi hufia njiani, hakuwa na jibu. Sekta inayotangazwa kuwa fursa bila mtu kuhesabu vifo inamwachia fundi hasara yote.

Ziwa lenyewe linaweza kusaidia, ila si kwa urahisi unaosemwa. Konyeza wa maji baridi wapo: mtafiti Mjerumani aliwaona Ziwa Tanganyika mwaka 1883, na baadaye wakapatikana Victoria pia. Kiumbe huyo, mwenye upana wa sentimita mbili hivi, aliwashangaza wanasayansi kiasi kwamba safari za utafiti zilifanywa mwishoni mwa karne ya 19 kutafuta iwapo Tanganyika iliwahi kuungana na bahari. Hahitaji chumvi. Lakini ni laini vilevile, na sijakutana na mfanyabiashara wa kanda hii aliyewahi kumfikisha mjini akiwa hai.

Kuna pia konyeza wa mikokoni wa Bahari ya Hindi, anayelala chali chini ya maji akiwa ameelekeza mikono juu, na mwani ulio mwilini mwake humtengenezea sehemu ya chakula kwa mwanga. Huyo huvumilia joto na hana haja ya tangi la mviringo. Kama konyeza yeyote atadumu Bariadi, huenda akawa yeye, ingawa suala la chumvi na safari linabaki pale pale, na anawasha ngozi, jambo ambalo mwalimu mwenye watoto 60 darasani hana budi kulifikiria kabla ya kulipa.

Kwa sasa wateja wenye haraka wanashauriwa kuchukua furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Baada ya sangara kutamalaki miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilitoweka ziwani, na baadhi ziliokolewa kwa kufugwa kwenye matangi Ulaya na Marekani. Kutoka Lamadi, kando ya ziwa, hadi Bariadi ni kilomita 70 hivi za lami. Mfuko wa oksijeni unafika salama, vibali vikikubaliana. Shule ile ilichukua furu wanane kwenye lile tangi la pembe nne. Siku niliyopita, jike mmoja alikuwa amevimba mashavu, mayai yako mdomoni, hataki kula, na wanafunzi walikuwa wamebandika karatasi kwenye kioo kuhesabu siku. Tangi la mviringo bado liko kibandani kwa fundi, limefunikwa gunia, na bei yake hajaipunguza.