Kilima cha udongo kinachotunza siri ya York

UKIFIKA mjini York, kaskazini mwa Uingereza, huenda ukadhani kwamba kile kilima chenye nyasi katikati ya mji ni kazi ya Mungu. La hasha! Kilirundikwa na binadamu, kama mchwa wanavyojenga kichuguu.

William wa Normandy, aliyeiteka Uingereza mwaka wa 1066, alizungukwa na maadui na hakuwa na wakati wa kujenga kuta za mawe. Watu wake walichimba handaki, wakashindilia udongo tabaka juu ya tabaka, kisha wakasimamisha mnara wa mbao kileleni. Mjini York walijenga ngome mbili za aina hiyo, 1068 na 1069, moja kila upande wa mto Ouse. Hii tunayoizungumzia ina kimo cha mita 15 hivi na sasa imebeba mnara wa mawe uitwao Clifford's Tower.

Machi 1190, Wayahudi wapatao 150 walikimbilia ngome hiyo wakihofia umati uliotaka kuwaua. Baadhi ya wachochezi walikuwa na madeni kwa Wayahudi. Wengi wa waliozingirwa waliamua kujiua, na mnara ukateketea. Waliotoka baada ya kuahidiwa usalama waliuawa. Kisha umati ukaenda katika kanisa kuu na kuchoma hati za madeni!

Hati ziliisha, lakini mafundi walioimarisha msingi wa mnara mnamo 1902 na 1903 walikuta mbao zilizoungua ndani kabisa ya kilima.

Sasa msomaji atauliza: udongo mtupu walindwa wa nini? Ni kwamba tabaka zikishachanganywa haziwezi kurudishwa zilivyokuwa. Sheria ya mwaka wa 1979 hairuhusu mtu kuchimba wala kujenga mahali kama hapo bila kibali.

Hata hivyo, mwaka wa 2016 baraza la mji lilikubali kituo cha wageni kijengwe chini ya kilima. Waliokitaka walisema udongo wa sehemu hiyo uliongezwa miaka ya 1930 tu. Wakazi hawakuridhika, wakafika hadi mahakamani, na mwaka wa 2018 shirika la English Heritage likauacha mpango huo. Kwa maoni yangu, walifanya vyema. Duka la kadi laweza kujengwa popote.

Badala yake, ngazi na roshani zilitiwa ndani ya mnara, ukafunguliwa tena Aprili 2022. Bamba la kuwakumbuka waliokufa, lililowekwa 1978, lipo pale chini, kabla hujaanza kupanda.