Jagi Lako la Kuchujia Maji: Je, Linafanya Kazi Kweli?

Leo naomba tuongelee lile jagi la plastiki lenye filta katikati, ambalo limejaa kwenye mafriji yetu huku Marekani.

Nimeamua kuandika kwa sababu ya mama mmoja, mwenzetu kutoka Kongo, anayekaa Buffalo. Alinipigia simu jioni akiwa na hofu kubwa. Mtoto wake wa mwaka mmoja alikuwa amepimwa damu, na majibu yakaonyesha ana madini ya risasi mwilini. "Dada nesi, inawezekanaje? Sisi maji ya bomba hatunywi, tunakunywa ya kwenye jagi tu." Nilikwenda kumwona. Jagi lilikuwa linang'aa, maji baridi, ladha nzuri. Lakini filta ilikuwa na miezi minane bila kubadilishwa. Na hata ingekuwa mpya, ilikuwa ni ile ya kuondoa klorini tu, haikutengenezwa kushika risasi.

Tuelewane kwanza hii risasi inatoka wapi. Maji ya Buffalo yanatoka Ziwa Erie, ya Amherst yanaletwa na Mamlaka ya Maji ya Kaunti ya Erie kutoka ziwa hilo na Mto Niagara. Yanasafishwa vizuri na yanapoondoka kiwandani hayana shida. Tatizo ni bomba linaloingia nyumbani kwako. Kabla ya mwaka 1986 ilikuwa ruksa kutumia risasi kwenye mabomba na kwenye kuungia mabomba, na nyumba nyingi za Buffalo ni za kabla ya Vita Kuu ya Pili. Maji yakilala humo usiku kucha, yanalamba risasi. Kwa hiyo wewe na jirani yako mnaweza kunywa maji ya ziwa moja, yako yakawa salama na yake yasiwe.

Nyumbani tulizoea kuchemsha, au kutia WaterGuard, au kuchuja kwa zile ndoo mbili zenye mishumaa ya kauri. Adui yetu alikuwa vijidudu: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara. Jagi la hapa kazi yake ni nyingine. Haliui vijidudu, kwa hiyo siku ukisikia tangazo la mji kwamba watu wachemshe maji, usiseme "mimi nina jagi". Chemsha, yatokote dakika nzima. Na kinyume chake, kuchemsha hakuondoi risasi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki sufuriani, tena imekolea zaidi.

Sasa utajuaje jagi lako linafanya kazi? Wengi tunapima kwa ulimi. Ulimi utakuambia habari ya klorini tu, maana risasi haina ladha, haina rangi, haina harufu. Wengine wamenunua ile kalamu ya kupimia maji inayotoa namba kwenye kioo. Mimi pia ninayo. Nilipima maji ya bomba jikoni kwangu Amherst ikasoma kama 160, nikapima ya kwenye jagi ikasoma kama 150. Nusura nirudishe jagi dukani! Lakini kalamu ile inapima jumla ya chumvichumvi zilizoyeyuka, hasa kalsiamu na magnesiamu, ambazo hazina madhara, na filta ya mkaa haikukusudiwa kuziondoa. Tena inahesabu kwa sehemu katika milioni, wakati risasi inahesabiwa kwa sehemu katika bilioni. Kwa hiyo namba kubwa si ushahidi kwamba jagi ni bovu, na namba sifuri si kipimo cha risasi. Muuzaji akikuonyesha kalamu hiyo mlangoni ili akuuzie mtambo wa mamia ya dola, mpe chai aende zake.

Kipimo kimoja cha rahisi kinachosaidia ni vijikaratasi vya kupimia klorini, vile vya mabwawa ya kuogelea. Chovya kimoja kwenye maji ya bomba, kingine kwenye maji yaliyochujwa sasa hivi. Rangi zikifanana, mkaa umechoka, badilisha filta. Ila hata hapo umepima klorini, hujapima risasi.

Kuhusu risasi, anza na boksi la filta. Tafuta maandishi NSF/ANSI 53, na karibu yake neno "lead". Ukiona namba 42 peke yake, hiyo ni ya ladha na klorini. Na namba 53 bila neno "lead" haitoshi, kwa sababu inahusu vitu vingi tofauti.

Halafu fanya hesabu, maana hapa ndipo familia zetu zinapoumia. Filta nyingi za kawaida zimeandikwa galoni 40 au miezi miwili. Galoni 40 ni kama lita 150. Gawanya kwa siku 60, unapata lita mbili na nusu kwa siku. Hiyo ni familia ya nani? Labda bwana na bibi wasio na watoto. Nyumba ya watu saba, yenye chai ya asubuhi, uji wa mtoto, wali wa jioni na wageni wa Jumapili, inamaliza lita 12 kwa siku bila kujijua. Filta imekwisha kabla ya wiki mbili, na wewe unasubiri miezi miwili! Na usitegemee taa ya kwenye kifuniko, maana baadhi zinahesabu siku tu, hazijui umemimina mara ngapi. Mimi nimebandika karatasi kwenye friji, kila jagi linalojazwa tunaweka mstari. Watoto wanaipenda kazi hiyo. Kama gharama inakushinda, maji ya jagi yawe ya kunywa, kupikia na maziwa ya mtoto tu. Au nunua filta ya kufunga kwenye mdomo wa bomba, yenye cheti hichohicho, inadumu zaidi. Usipitishe maji ya moto humo.

Ukitaka uhakika kabisa, ni maabara. Tafuta iliyoidhinishwa na jimbo lako, iwe New York, Kentucky au Ohio. Omba chupa mbili na usizioshe. Usiku msifungulie maji kabisa kwa saa sita au zaidi, hata choo kisivutwe. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kunawa uso, kinga maji ya kwanza ya bomba la baridi la jikoni kwenye chombo kisafi, koroga, jaza chupa ya kwanza. Yaliyobaki yapitishe kwenye jagi, jaza chupa ya pili. Andika ipi ni ipi. Ukilinganisha majibu mawili ndipo utajua jagi linafanya nini. Kiwango cha serikali kilichowekwa mwaka 1991 ni mikrogramu 15 kwa lita, na mwaka 2024 ilitolewa kanuni ya kukishusha hadi 10. Lakini kwa mtoto hakuna kiwango kinachosemwa ni salama, kwa sababu risasi inaharibu ubongo unaokua.

Bomba lenyewe pia unaweza kulikagua. Shuka besimenti, pale linapoingia kutoka nje, likwaruze kidogo kwa sarafu. Likiwa laini, likang'aa kama fedha, na sumaku isishike, huenda ni risasi. Wa Buffalo pigeni 311 muulize kuhusu kubadilishiwa. Mpangaji naye ana haki ya kuuliza, usimwogope mwenye nyumba.

Tukirudi kwa yule mama: tulipima, na jagi lake la zamani halikupunguza karibu chochote, wakati filta mpya yenye cheti ilishusha kabisa. Ila watu wa afya wa kaunti walipokuja walikuta na rangi ya zamani inabanduka dirishani, mahali mtoto anaposimamia kuchungulia nje. Nyumba za kabla ya mwaka 1978 huenda zikawa na rangi ya namna hiyo, na mara nyingi ndiyo chanzo kikubwa kuliko maji. Kwa hiyo jagi zuri lisikufanye uruke kipimo cha damu. New York sheria inataka mtoto apimwe akiwa na mwaka mmoja na tena miwili. Likitoka jibu la 3.5 au zaidi, muulize daktari hatua inayofuata kabla hujaondoka kliniki. Kama Kiingereza kinasumbua, omba mkalimani, ni bure.

Na kina mama, tafadhali, ugali usiinjikwe kwa maji ya bomba la moto ili yachemke haraka. Maji ya moto yanayeyusha risasi zaidi. Tumieni ya baridi, yaliyochujwa.