Kipushi: Gari kutoka Japani, redio isiyoshika vituo vya hapa

Wengi wanaonunua gari lililotumika kutoka Japani na kulifikisha Kipushi, yapata kilomita 30 kutoka Lubumbashi, hukutana na shida ileile: redio inawaka, lakini vituo vingi vya FM havisikiki. Redio hiyo si mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Kwa miaka mingi FM ya Japani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, na redio za magari mengi ya huko zinakomea hapo. Nchini DRC vituo viko kati ya 87.5 na 108. Kila kituo kilicho juu ya 90 kinabaki nje.

Muziki unaweza kutoka kwenye simu. Kinachopotea ni habari. Dereva anayepakia abiria kati ya Kipushi na Lubumbashi anakosa habari za asubuhi kuhusu mpaka wa Zambia, bei ya mafuta, au mgodi wa zinki uliorudia kazi mwaka 2024 baada ya kusimama tangu 1993.

Dawa ya bei ndogo ni kifaa cha kuhamisha masafa, kinachowekwa kati ya antena na redio. Kikihamisha kwa megahezi 20, kituo cha 103.5 kinasikika kwenye 83.5. Lakini redio ya Japani ina upana wa megahezi 14 tu, na vituo vyetu vinatanda zaidi ya 20. Kifaa hicho kinafungua 96 hadi 108. Vituo vya chini ya hapo vinapotea. Kwa hiyo, kabla ya kununua, ni vizuri kuandika namba za vituo unavyovitaka na kuchagua kifaa kinachovifikia.

Dawa ya pili ni kubadilisha redio yote. Hapo kazi ya fundi ndiyo inayoamua. Kwa kawaida, waya wa njano wa redio mpya hupata umeme wa betri saa zote, ili ikumbuke vituo. Mwekundu hupata umeme ufunguo ukizungushwa tu. Mweusi hufungwa kwenye chuma cha gari. Fundi akiunga mwekundu na njano pamoja, redio inaweza kubaki macho usiku kucha, na asubuhi gari linasukumwa.

Hatari kubwa iko kwenye amplifaya. Waya wake mnene unatoka moja kwa moja kwenye betri. Usipowekewa fyuzi karibu na betri, siku utakapochubuka na kugusa chuma, unaweza kuwasha moto.

Kabla ya kulipa, mwenye gari aulize mambo matatu: fyuzi iko wapi, je, waya za kiwandani zimekatwa au imetumika soketi inayolingana na gari, na je, redio inazimika ufunguo ukitolewa? Hilo la mwisho anaweza kulijaribu mwenyewe, palepale mbele ya fundi.